Kufungiwa, kususia au kucheza bila bendera: kipi huibana serikali?

Kila vita vinapozuka, watu wa michezo tunarudi kwenye ubishi uleule. Mmoja atasema nchi iliyokosea ifungiwe kila kitu, kuanzia Olimpiki hadi mashindano ya watoto. Mwingine atauliza mkimbiaji wa miaka 19 ana kosa gani. Nimeshiriki ubishi huo vijiweni na kwenye makundi ya simu kwa miaka mingi, na naona hatuelewani kwa sababu tunaita kwa jina moja mambo matatu yasiyofanana.

Kufungiwa ni pale chama cha kimataifa kinapoiambia nchi: usije. Kususia ni pale sisi wenyewe tunapobaki nyumbani ili pengo letu lionekane. La tatu ni la siku hizi zaidi: mwanamichezo anaruhusiwa kuja kwa jina lake, lakini bendera na wimbo wa taifa vinabaki kwao. Kila moja lina bei yake, na mlipaji si yuleyule.

Ninayaweka hapa pamoja kwa ajili ya yeyote ambaye siku moja atakaa kwenye mkutano wa chama cha michezo akatakiwa kunyoosha mkono. Msimamo wangu nausema mapema: kufungia nchi hufanya kazi, ila mahali pachache kuliko tunavyosimuliwa. Hufanya kazi pale ambapo kosa lenyewe limo uwanjani, waliodhulumiwa ndio wanaodai adhabu, na mlango wa kurudi unaonekana.

Afrika Kusini, kesi ambayo kila mtu huitaja

Afrika Kusini ya Makaburu ina haki ya kutajwa kwanza, lakini wengi huisimulia haraka mno: ikafungiwa, ikaona aibu, ikamwachia Mandela. Haikwenda hivyo. Mwaka 1957, Shirikisho la Soka Afrika lilipozaliwa Khartoum, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa waasisi wanne, ila haikucheza fainali za kwanza kwa kuwa haikukubali kuleta timu yenye weupe na weusi pamoja. FIFA iliisimamisha 1961, ikailegezea 1963, ikaisimamisha tena 1964, na kuifukuza 1976 baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Kwenye Olimpiki ilinyimwa mwaliko wa Tokyo 1964 na kufukuzwa rasmi 1970. Iliporudi, Barcelona 1992, mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Tokyo alikuwa na miaka 28.

Kwa hiyo anayetaka majibu ya msimu huu asiitumie Afrika Kusini kama ushahidi. Ilikuwa kazi ya kizazi kizima.

Lakini tazama ilivyokuwa rahisi kuieleza. Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town, chotara kwa hesabu za Makaburu, kwa hiyo timu ya taifa ya kriketi ya kwao haikuwa yake. Akahamia Uingereza mwaka 1960, na 1966 akaanza kuichezea England. Agosti 1968, katika uwanja wa The Oval mjini London, alipiga mikimbio 158, yaani alama 158, dhidi ya Australia. England ilikuwa na ziara ya Afrika Kusini miezi michache mbele. Kikosi kilipotangazwa, jina lake halikuwemo, na watu wakapiga kelele. Kisha mchezaji mwingine, Tom Cartwright, akajitoa kwa jeraha, na D'Oliveira akaitwa. Waziri Mkuu John Vorster akasema hiyo si timu ya kriketi tena bali ni timu ya wapinzani wa serikali yake, na hataipokea. Ziara ikafutwa.

Baada ya hapo hakuna shabiki wa kriketi aliyehitaji kusomewa kitabu ili aelewe ubaguzi wa rangi ni nini. Mtu amepiga mikimbio 158, na haruhusiwi kucheza katika mji aliozaliwa. Dai la wapinzani nalo lilikuwa fupi: chagueni timu bila kutazama ngozi. Lilikuwa jambo ambalo viongozi wa michezo wenyewe wangeweza kulitekeleza au kukataa kulitekeleza, mbele ya macho ya watu.

Na waliolidai walikuwa wenyeji. Dennis Brutus, mshairi na mwalimu, aliiongoza kamati ya kupigania Olimpiki isiyo na ubaguzi, akapigwa risasi na polisi mjini Johannesburg mwaka 1963 na kupelekwa kisiwa cha Robben. Wanamichezo wasio weupe wa baraza la SACOS walikuwa na kaulimbiu kwamba hakuna michezo ya kawaida katika jamii isiyo ya kawaida. Kwa miaka mingi walikataa hata nafasi walizopewa wao wenyewe, kwa sababu kuzikubali kungewapa Makaburu picha nzuri ya kuonyesha nje. Mtu akiniambia vikwazo vya michezo huwaumiza wanyonge, namkumbusha hao. Wanyonge ndio waliosema: fungieni.

Serikali ilianza kulegea kidogokidogo, na mara zote ililegea kwanza kwenye raga. Mwaka 1965 Waziri Mkuu Verwoerd alisema hataki Wamaori kwenye timu ya New Zealand, na ziara ya 1967 ikafutwa. Mwaka 1970 timu hiyohiyo ilipokelewa ikiwa na Wamaori ndani yake, wakipewa cheo cha "weupe wa heshima". Ni cheo cha matusi. Hata hivyo kinaonyesha kwamba raga ilikuwa nzito kiasi cha kuifanya serikali ipinde sheria iliyoapa kutoipinda.

Julai 25, 1981, timu ya Afrika Kusini ilikuwa Hamilton, New Zealand, kwa mechi ya ziara. Waandamanaji walivunja uzio, wakaingia, wakasimama katikati ya uwanja wameshikana mikono, na mechi ikafutwa. Afrika Kusini ilikuwa alfajiri. Watu walikuwa wameamka na kuwasha televisheni kuwaona vijana wao. Wakaona mamia ya watu weupe kama wao, wengine wamevaa helmeti, wako tayari kupigwa ili mechi isichezwe. Sijui kikwazo gani cha benki kingeweza kuingia sebuleni kwa namna ile.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko yote. Oktoba 1988, Danie Craven, mzee wa raga ya Makaburu, na mwenzake Louis Luyt walikwenda Harare kukutana na ANC. Wakati huo ANC ilikuwa chama kilichopigwa marufuku, na serikali ikiwaita viongozi wake magaidi. Mandela alikuwa bado kifungoni, na angetoka Februari 1990. Lakini wakubwa wa raga walikuwa wamekwisha elewa kwamba ufunguo wa mlango haumo Pretoria wala London, umo mikononi mwa watu ambao serikali yao inawawinda. Wakaenda kuuomba. Pretoria ilikasirika, na kukasirika kwake kunaeleza uzito wa safari ile.

Machi 17, 1992, weupe walipiga kura ya kuamua kama mazungumzo ya kuumaliza ubaguzi yaendelee. Siku hiyo timu yao ya kriketi ilikuwa ugenini katika Kombe la Dunia lililochezwa Australia na New Zealand, la kwanza kwao, ikisubiri nusu fainali ya Machi 22 mjini Sydney. Ilifahamika kwamba kura ya Hapana ingeirudisha nyumbani. Asilimia 68.7 walisema Ndiyo.

Je, ni michezo iliyowafanya waseme Ndiyo? Hapana, si peke yake. Mwaka 1985 benki kubwa za Marekani zilikataa kuongeza muda wa mikopo na randi ikaanguka. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha vikwazo vya uchumi licha ya kura ya turufu ya Rais Reagan. Vitongoji vilikuwa vimegeuka visivyotawalika, vita vya Angola vilikuwa vimewagharimu, na Vita Baridi vilikuwa vimekwisha. Kifungo cha michezo chenyewe kilivuja miaka yote: timu za waasi wa kriketi kutoka England, Sri Lanka, West Indies na Australia zilikwenda kwa fedha nyingi miaka ya 1980. Nikipima yote, michezo haikuiangusha serikali ile. Ilifanya kazi nyingine, ya kumfikia mweupe wa kawaida ambaye mikopo na vikwazo vya uchumi havikumgusa, na kumpa sababu anayoielewa ya kutaka mabadiliko.

Kususia: Montreal 1976 na Moscow 1980

Hapa Watanzania na Wakenya tuna haki ya kusema kwa sauti, kwa sababu tulilipa.

Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Karatu aliongoza fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mlio wa bastola. Hakusubiri mtu. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi mwisho hakumpata, na Bayi akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 32.2. Walker, wa pili, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ya riadha ikaanza kuhesabu siku hadi Montreal.

Montreal haikuwaona pamoja. Mwaka 1976, wiki chache baada ya damu ya Soweto, timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizunguka Afrika Kusini. Nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilidai New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20 zikajitoa, nyingine wanamichezo wao wakiwa wameshafika. Walker akashinda dhahabu ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39, mbio za polepole, bila mtu wa Karatu mbele yake.

Ukisimama hapo utasema tulishindwa: New Zealand ilibaki, ziara yake iliendelea. Lakini subiri miezi kumi na moja. Juni 1977 wakuu wa Jumuiya ya Madola, wakiogopa Michezo ya Edmonton ya 1978 nayo ibaki tupu, walikubaliana Gleneagles, Uskoti, kwamba kila serikali itajitahidi kuwazuia wanamichezo wake kushirikiana na Afrika Kusini. Makubaliano hayo hayakuwa chuma. New Zealand yenyewe iliyakanyaga mwaka 1981, na kule Hamilton tumeona ilivyolipia. Hata hivyo yaliandikwa, na bila viti vile vitupu vya Montreal sidhani yangeandikwa.

Sasa iweke Moscow pembeni yake. Marekani ilitaka dunia isusie Olimpiki ya 1980 kwa sababu Urusi ya Kisovieti ilikuwa imeingiza majeshi Afghanistan. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika kuomba kuungwa mkono. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye Dar es Salaam. Waandishi walimuuliza Ali mbona Marekani haikuwaunga mkono Waafrika mwaka 1976, na yeye akakiri kwamba hakujua habari zile. Sioni aibu kwake katika hilo. Aibu ilikuwa ya waliomtuma. Kenya ilikubali kususia. Tanzania ilikwenda, na Bayi akapata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Hadi leo hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki za Tanzania.

Majeshi ya Kisovieti yalitoka Afghanistan Februari 1989, kwa sababu ya vita vyenyewe. Mwaka 1984 Moscow ilijibu kwa kususia Los Angeles. Naye Henry Rono wa Kenya, aliyeweka rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata moja: 1976 nchi yake ilisusia, 1980 ikasusia tena.

Tofauti ya Montreal na Moscow naiona hivi. Ya kwanza ilidai jambo dogo kwa nchi ndogo: acheni kucheza na Makaburu. Ya pili ilidai dola kubwa iache vita vyake kwa sababu ya mbio na mieleka. Na ya kwanza ilisukumwa na watu waliokuwa tayari kupoteza dhahabu yao wenyewe kwa ajili ya ndugu zao. Hilo hata adui hulisikia.

Yugoslavia: mfano usiosimuliwa sana

Mei 30, 1992, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 757 la vikwazo, michezo ikiwemo, dhidi ya Yugoslavia ya Milošević, kiongozi wa Serbia, kwa sababu ya vita vya Bosnia. Timu yao ya soka ilikuwa imeshafika Sweden kwa ajili ya Euro, ikarudishwa nyumbani siku chache kabla ya mashindano. Denmark wakaitwa kuziba pengo na wakalibeba kombe. Kwa nchi ambayo klabu yake ya Red Star ilikuwa bingwa wa Ulaya mwaka mmoja nyuma, lilikuwa pigo la mfupani. Barcelona, wanamichezo wao walishindana bila bendera, na walengaji wao wa shabaha walipata medali tatu.

Kinachonivutia ni namna mlango ulivyofunguliwa. Mwaka 1994 Milošević alikubali kuufunga mpaka na kuwakatia misaada Waserbia wa Bosnia. Kwa azimio namba 943, Umoja wa Mataifa ukasimamisha vikwazo vya michezo, utamaduni na safari za ndege za abiria, kwa siku 100 za kwanza, kisha hali itazamwe upya. Michezo ikawa sarafu ya biashara: unatoa hiki, unapata hiki, na tunakagua.

Ni ubunifu mzuri, na mpaka wake ni mchungu. Julai 2, 1995, Yugoslavia ilikuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa Ulaya mjini Athens. Siku tisa baadaye Srebrenica ilianguka mikononi mwa majeshi ya Waserbia wa Bosnia, na zaidi ya wanaume na vijana 8,000 wakauawa. Vita vilikuja kumalizwa na mabomu ya NATO, mashambulizi ya nchi kavu na mkataba wa amani wa Dayton. Kifungo cha michezo kilinunua kufungwa kwa mpaka. Kilichohitajika kilikuwa kikubwa zaidi.

Urusi tangu 2022

Urusi ilifungiwa haraka kuliko nchi yoyote kubwa kabla yake. Uvamizi ulianza Februari 24, 2022. Siku iliyofuata fainali ya Ligi ya Mabingwa ikaondolewa Saint Petersburg na kupelekwa Paris. Februari 27 FIFA ilijaribu njia ya katikati, kwamba Urusi icheze bila bendera kwenye uwanja usio wake. Poland, Sweden na Jamhuri ya Czech wakasema hawatacheza nayo kwa jina lolote lile, na Februari 28 FIFA na UEFA zikaifungia. Wachezaji na vyama vyao ndio waliowasukuma wakubwa, na hilo linanifurahisha.

Lakini miaka mitatu baadaye vita vilikuwa vinaendelea. Kwa nini pigo lililomleta Craven Harare halikuitikisa Moscow?

Kwanza, dai haliko uwanjani. Hakuna kiongozi wa soka wa Urusi anayeweza kuyaondoa majeshi Ukraine, hata akitaka. Pili, nchi ilikuwa imeshazoea. Kwa sababu ya kashfa ya dawa za kusisimua misuli, Warusi walikuwa wakishindana Olimpiki kwa majina ya kukopa tangu 2018, na serikali yao ilikuwa imeshawafundisha jibu: wanatuchukia. Tatu, kuna watu wa kucheza nao. Oktoba 2023 Urusi iliifunga Cameroon 1–0 Moscow, na siku chache baadaye ikatoka sare ya 2–2 na Harambee Stars yetu huko Antalya, Uturuki. Silaumu vijana walioitwa kucheza mechi ya kirafiki. Nasema tu kwamba kifungo chenye tundu kubwa kiasi hicho hakifanani na kile cha Makaburu, ambacho Afrika nzima ilikishikilia kwa meno.

Nne, na hili ndilo linaniuma zaidi: kilichelewa. Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Sochi Februari 2014, Crimea ikachukuliwa mwezi uliofuata, na bado Kombe la Dunia likachezwa Urusi mwaka 2018. Wakati huo ndipo serikali ilipokuwa inaihitaji dunia ya michezo. Ilipofungiwa, ilikuwa imeshapata picha zote ilizozitaka.

Je, kifungo hiki hakina maana basi? Kina maana, ila tusikiite shinikizo. Kinainyima serikali jukwaa, na kinamwepusha mwanamichezo wa Ukraine kusimama kando ya bendera ya wanaoubomoa mji wake. Hizo ni sababu tosha za kumfungia mtu. Ni sababu za heshima, lakini sababu ya heshima haipimwi kwa kuuliza vita vimeisha lini.

Njia ya bila bendera ilijaribiwa kwa ukamilifu Paris 2024. Kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyoitangulia, kwa jina la kamati yao ya Olimpiki, Warusi walikuwa zaidi ya 300. Paris walikuwa 15, na Wabelarusi 17, baada ya kuchujwa: asiwe ameunga mkono vita, asiwe na mkataba na jeshi wala vyombo vya usalama, na timu za pamoja zisije. Kwa mtu mmoja mmoja ni haki zaidi. Kama mbinu ya kuibana serikali ni dhaifu, kwa sababu serikali haioni mtu wake jukwaani wala haimwoni aliyekosekana. Inaona watu kumi na tano inaoweza kuwaita wasaliti.

Pale inapofanya kazi haraka: FIFA na Nairobi

Siku ileile Urusi inavuka mpaka, Februari 24, 2022, FIFA ilizifungia Kenya na Zimbabwe kwa serikali kuingilia vyama vya soka. Wizara ya Michezo ya Kenya ilikuwa imeuweka pembeni uongozi wa shirikisho na kuteua kamati ya muda. Kenya ikaondolewa kwenye mchujo wa AFCON 2023. Serikali mpya ilipoingia, waziri mpya akaurudisha uongozi ule, na Novemba 28 kifungo kikaondolewa. Miezi tisa tu.

Mtu anaweza kuuliza kama FIFA ilikuwa upande wa haki. Mashabiki wengi wa Kenya walitaka uongozi ule uchunguzwe, na mimi niliwaelewa. Lakini kwa swali la nguvu, jibu liko wazi. Dai lilikuwa moja, lilihusu mpira wenyewe, aliyetakiwa kulitekeleza alikuwa waziri mmoja, na sharti la kurudi lilijulikana tangu siku ya kwanza.

Anayelipa

Nilifundisha sekondari na kusimamia timu ya mpira ya shule. Mwaka mmoja tulifungiwa mashindano ya wilaya kwa sababu ya mamluki: vijana wawili waliokwisha maliza shule walikuwa wamevalishwa jezi zetu. Aliyewaleta hakuwa mchezaji, alikuwa mtu mzima mwenye ofisi. Golikipa wetu alikuwa kidato cha nne, mwaka wake wa mwisho. Alizifua glovu zake, akazianika kwenye dirisha la bweni, na zikakaa pale hadi mitihani ilipoanza. Hakuzigusa tena.

Mwaka uliofuata hakuna aliyethubutu kuleta mamluki. Kifungo kilifanya kazi yake. Na golikipa yule alikuwa ameshaondoka.

Nikisoma juu ya Rono, au wachezaji wa Yugoslavia waliorudishwa kutoka Sweden, naziona glovu zile dirishani. Sitaki mtu apige kura ya kufungia nchi bila kuziona.

Ukiwa na kura mkononi

Kosa likiwa ndani ya mchezo wenyewe, yaani nchi inachagua timu kwa rangi, inawazuia wanawake kucheza, au serikali imelinyakua shirikisho, fungia timu yote na usiombe radhi. Hapo ndipo historia iko upande wako, hasa ikiwa waliozuiwa wenyewe ndio wanaokuomba.

Kosa likiwa vita au ukandamizaji nje ya uwanja, anzia kwenye uenyeji. Ni silaha ambayo haisemwi sana, na kwangu ndiyo kali kuliko zote tatu za mwanzo, kwa sababu inamgusa rais kabla ya kumgusa mwanariadha. Wenzetu wa Kongo wameielewa. Februari 2025, mji wa Goma ukiwa umeangukia mikononi mwa waasi wa M23, waziri wa mambo ya nje wa Kinshasa aliziandikia Arsenal, Bayern München na Paris Saint-Germain akizitaka ziache udhamini wa utalii wa Rwanda. Kukawa pia na wito wa kuyaondoa Kigali mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba mwaka huo. Kigali inakanusha kuwaunga mkono waasi, na mashindano yalifanyika palepale. Lakini angalia wito ulielekezwa wapi: kwenye nembo ya jezi na kwenye uenyeji, si kwa kijana wa Rwanda anayeendesha baiskeli. Uwe upande wowote katika mgogoro ule, shabaha ya namna hiyo ina akili.

Bendera na wimbo wa taifa vifuate baada ya uenyeji. Wanaotumikia jeshi wasije. Mwanamichezo binafsi aje, isipokuwa pale ambapo waliovamiwa wanaombwa wamshike mkono. Hapo nitawasikiliza wao kwanza.

Kususia nisingekuchagua ila mkiwa wengi, mkidai jambo dogo ambalo mwenye nalo anaweza kulitoa, na wanamichezo wameulizwa kabla ya ndege kuondoka. Montreal tulitimiza mawili ya kwanza.

Na azimio lolote litakaloletwa mezani, ninatafuta kwanza aya inayosema nchi itarudi kwa sharti gani, nani atakagua, na lini. Umoja wa Mataifa uliiandika kwa Yugoslavia: siku 100, kisha tutazame. Aya hiyo isipokuwepo, ningeomba iandikwe kabla ya mikono kunyooshwa.